Mizani ya bafuni: inavyokupima, na wewe uipime vipi

Shangazi yangu wa Mkomani alifika dukani kwangu, Langoni, hapa Lamu, na mizani ameifunga ndani ya leso kama aliyebeba sinia ya mahamri. Akaitua juu ya meza ya kazi, akavuta stuli.

"Mwanangu, hii ina shetani. Asubuhi chumbani yanambia kilo sabini na nne. Natoka nayo ukumbini, sijanywa hata chai, yanambia sabini na nane. Nimekula nini hapo njiani, ukuta?"

Niliifungua, nikapima waya mmoja mmoja. Nzima kabisa. Ndipo nikamuuliza huko chumbani huiweka wapi. "Juu ya zulia. Sakafu ya baridi, miguu yaniuma." Shetani akajulikana.

Angekuwa mtu mwingine ningecheka yakaisha. Lakini shangazi ana ugonjwa wa moyo, na daktari amemwagiza ajipime kila asubuhi na kuandika. Kwa mgonjwa wa aina yake, kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3 si mafuta ya mandazi. Mara nyingi ni maji yanayojikusanya mwilini, na hayo ni ya kuonwa na daktari, si ya kungojewa. Mizani inayoruka kilo nne kutoka chumba hadi chumba itamtisha bure leo, na kesho itamfichia jambo. Nikamwandikia maelezo kwenye daftari. Ndiyo haya, nimeyapanua kidogo.

Kwanza, inachopima hasa

Mizani haijui kilo. Inachohisi ni kukandamizwa tu. Ardhi inakuvuta chini, wewe unaikandamiza mizani, nayo inaikandamiza sakafu. Imebanwa hapo katikati. Inapima mbano huo, kisha inaugeuza kuwa kilo kwa hesabu iliyopangwa kiwandani. Chochote kinachoongeza au kupunguza mbano kitabadilisha namba, hata kama mwili wako ni ule ule.

Kama una ya springi, jaribu mwenyewe. Panda, tulia, halafu kunja magoti ghafla kama unayetaka kuchutama. Namba itashuka, kisha itapanda juu ya uzito wako pale unapojizuia, ndipo itulie. Hujapungua wala kuongezeka hata gramu. Egemeza mkono kidogo kwenye ukingo wa birika la maji ya kuogea, namba itapungua: birika limekupokea mzigo. Na ukiwa ndani ya dau, usihangaike kuipanda. Kila wimbi lina kilo zake.

Hata mahali ulipo duniani pana mkono wake katika namba. Lamu tuko kama nyuzi 2 kusini ya ikweta, Malindi kama nyuzi 3, na huku ardhi inavuta kwa mita 9.78 kwa sekunde mraba; London ni 9.81. Mizani iliyorekebishwa kule ikiletwa huku vivyo hivyo itampunguzia mtu wa kilo 70 kama gramu 200. Ni kidogo, wala usikitumie kisingizio hicho mbele ya daktari.

Zile za springi

Mizani za zamani, zenye sahani ya namba inayozunguka chini ya kioo, hazina betri wala waya. Ukifungua utakuta vyuma vinne bapa: viwili virefu na viwili vifupi vilivyoshikizwa kwenye vile virefu. Kila kimoja ni wenzo. Aliyemwona mwashi akiinua jiwe kwa mtaimbo anaijua kazi yake, ila hapa mambo yamegeuzwa. Mtaimbo hufanya nguvu ndogo iinue mzigo mkubwa. Nyenzo za mizani huupokea mzigo mkubwa karibu na egemeo na kuufikisha upande wa pili ukiwa mdogo. Ndiyo maana kilo zako zote 80 zinaweza kuning'inizwa kwenye springi isiyozidi kidole.

Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni ya springi: ukiivuta kwa nguvu maradufu, inarefuka maradufu. Kwa hiyo urefu wa springi unasomeka kama uzito. Ikirefuka milimita chache, inasukuma kichuma chenye meno, meno yanazungusha kigurudumu, na kigurudumu kinazungusha sahani unayoisoma.

Ubaya wake ni kwamba springi huchoka, na hewa yetu ya chumvi haiipi nafasi. Niliwahi kuletewa moja kutoka Shela ambayo sahani yake ilikuwa inaanzia kilo 3 bila mtu juu yake. Mwenyewe alikuwa anajitoa kilo tatu kichwani kila siku, na alikuwa ameshazoea hivyo. Kumbe ilikuwa na kigurudumu cha kurekebisha pale pale, hajapata kukigusa.

Zile za betri

Hizi ndizo nyingi siku hizi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Igeuze. Utaona miguu minne. Ukitoa kifuniko cha mguu mmoja, ndani mna kipande cha chuma, na juu yake, chini ya gundi laini, kibandiko kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ndani ya kibandiko mna uzi wa metali uliokunjwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mshono wa kofia. Unapokanyaga, chuma kinapinda kiasi ambacho jicho halikioni, na uzi unanyooshwa pamoja nacho. Uzi ulionyooshwa ni mrefu zaidi na mwembamba zaidi, kwa hiyo umeme unapita kwa taabu zaidi. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alilionyesha jambo hilo mwaka 1856. Kuubandika uzi kwenye chuma ili upime mzigo kulikuja mwaka 1938 huko Marekani, na wawili walilifikia kila mmoja kivyake: Edward Simmons na Arthur Ruge.

Badiliko lenyewe ni dogo mno. Uzi wenye ukinzani (yaani hiyo taabu ya umeme kupita, inayopimwa kwa ohm) wa ohm 1000 unabadilika kwa ohm moja au mbili hivi, pengine chini ya hapo. Ndiyo maana nyuzi za miguu yote minne zimeunganishwa katika saketi iitwayo daraja la Wheatstone, ingawa aliyelibuni ni Samuel Hunter Christie mwaka 1833 na Charles Wheatstone, Mwingereza mwenzake, akalitangaza miaka 10 baadaye. Umeme unapewa njia mbili zinazolingana. Ukinzani ukibadilika upande mmoja, ulinganifu unavunjika, na katikati kunatokea volti kidogo sana, sehemu chache za elfu moja ya volti. Chipu inaikuza hiyo, inaigeuza kuwa namba, na namba inawaka kwenye kioo.

Shangazi aliniuliza swali zuri hapo: "Sasa mbona nikisimama kando kidogo haibadiliki?"

Nilimwambia afikirie watu wanne waliobeba kitanda chenye mgonjwa, kila mmoja pembe yake. Mgonjwa akijivuta upande mmoja, mabega ya upande huo yatalia na ya upande wa pili yatapumua, lakini jumla ya mzigo ni ile ile. Mizani inajumlisha mabega manne. Haijali nani amebeba zaidi.

Lakini akitokea mtu wa tano, akatia mkono chini ya kitanda, naye hahesabiwi, basi alichobeba yeye hakimo kwenye jumla. Lile zulia ndilo mtu wa tano.

Hatua ya kwanza: sakafu

Weka mizani ya betri kwenye zulia nene, miguu yake inazama, tumbo lake linalala juu ya manyoya, na manyoya yanabeba sehemu ya uzito bila kupitia kwenye miguu. Namba inapungua. Ndizo kilo nne za shangazi. Mizani za springi nazo hudanganya kwenye zulia, na mara nyingi zenyewe huongeza, kwa sababu bati lao la chini halipindi vile linavyopinda kwenye sakafu ngumu. Kwa hiyo zulia hapana, mkeka hapana, na lile zulia dogo la kukaushia miguu bafuni ndilo baya kupita yote.

Nyumba zetu za mawe zina taabu yake nyingine. Sakafu za ghorofani ni chokaa na mawe ya matumbawe juu ya boriti za mikoko, na kwa umri zimefanya mabonde na vilima. Mteremko wenyewe hauna madhara makubwa: sakafu ikiinama nyuzi 5, ambazo ni nyingi na utaziona kwa macho, mtu wa kilo 100 hapungui hata nusu kilo. Kinachoharibu ni kuyumba. Mguu mmoja ukiwa hewani, kitanda kimebebwa na watatu na mizani inapindwa vibaya.

Fanya hivi. Iweke chini, bonyeza kila pembe kwa kidole. Ikicheza, isogeze hata kama ni inchi mbili, bonyeza tena. Kwenye vigae, angalia mguu usikae juu ya mfereji wa kati ya kigae na kigae. Ukiwa na pimamaji ya mwashi, itumie. Ukishapata mahali pasipocheza, tia alama palipo miguu minne na usihame. Shangazi alitia nukta nne za hina kwenye sakafu ya ukumbi, karibu na mlango, na wajukuu wameonywa.

Kama nyumba nzima ni zulia, tafuta kipande cha ubao mgumu, mnene kama inchi moja, kipana kuliko mizani, ukilaze chini na mizani juu yake. Kadibodi haitoshi.

Hatua ya pili: sifuri

Ya springi: kabla ya kupanda, tazama sahani. Kama haiko kwenye sifuri, kuna kigurudumu kidogo chenye meno, mbele au chini yake. Kizungushe hadi ifike. Usikisahau kama yule bwana wa Shela.

Ya betri ina tabia moja ambayo wengi hawaijui. Kila inapohamishwa, au ikisimamishwa ukutani kwa ubavu, inabaki na kumbukumbu ya sifuri ya zamani, na sifuri hiyo si ya mahali pale papya. Kwa hiyo ukishaiweka chini, ikanyage kidogo kwa mguu mmoja iwake, ondoa mguu, ngoja ionyeshe 0.0, na uiache izime yenyewe. Ikizima, sasa panda. Zipo zinazojirekebisha bila kuambiwa, lakini kufanya hivyo hakugharimu kitu. Ile iliyo mahali pake siku zote haihitaji haya, na hiyo ni sababu nyingine ya nukta za hina.

Hatua ya tatu: kusimama

Panda polepole, miguu mitupu, mikono chini. Usishike ukuta, usiiname kusoma. Namba ikiacha kuchezacheza ndiyo hiyo.

Hatua ya nne: jerikeni

Hapa wengi hawafiki, na hapa ndipo penye faida. Mizani imekupima, sasa wewe uipime.

Unahitaji kitu ambacho uzito wake unaujua bila kuuliza mizani ile ile. Belo la unga ambalo halijafunguliwa linafaa: pakiti 12 za kilo 2, jumla kilo 24, na mwenye duka atakuazima dakika tano kama anakujua. Mfuko wa simenti ni kilo 50, lakini nani ataubeba. Mimi napenda maji. Lita 1 ya maji matamu ni kilo 1, karibu kabisa. Kwa joto la huku lita 20 zinapungukiwa na gramu 70 hivi, si za kukunyima usingizi. Tumia ya mfereji au ya mvua. Ya bahari usitumie, kwa maana chumvi ina uzito wake na lita 20 zitazidi kilo 20 kwa karibu nusu kilo.

Na usiamini maandishi ya "20L" kwenye jerikeni. Ukiijaza hadi shingoni inachukua zaidi ya hapo. Chukua chupa ya maji ya dukani ya lita 1, mimina mara ishirini. Inachosha, lakini ni mara moja. Jerikeni yenyewe ikiwa tupu, kaipime dukani kwenye mizani yenye muhuri. Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Ya bafuni haimo humo, na ndiyo maana ukimkuta mtu anauza samaki kwa mizani ya kukanyaga, nunua kwa jirani yake.

Sasa jipime peke yako, andika. Jipime umekumbatia jerikeni, andika. Rudia hivyo kwa zamu hadi kila kimoja kifike mara tatu. Ichukue karibu na kifua, isikuyumbishe. Mgonjwa wa moyo, mjamzito au mwenye mgongo mbovu asifanye hivi. Shangazi alifanyiwa na mjukuu wake wa sekondari, aliyepanda na jerikeni kwa mbwembwe kama anayepakia jahazi.

Yangu ilikwenda hivi. Jerikeni tupu kilo 0.9, maji kilo 20, jumla ilipaswa kuwa 20.9. Peke yangu 68.4. Na jerikeni 89.6. Tofauti ni 21.2. Mizani imezidisha gramu 300 kwenye kilo 20.9, yaani kama gramu 14 katika kila kilo. Kama kosa linakua sawasawa na mzigo, basi kwenye kilo zangu 68.4 limo kosa la karibu kilo nzima, na uzito wangu wa kweli uko kama 67.4. Nilifurahi kuliko ilivyostahili.

Tofauti ya gramu 100 au 200 iache ilivyo. Mizani nyingi za nyumbani haziwezi kusoma chini ya gramu 100, na hapo unatoa namba moja katika nyingine, kwa hiyo makosa mawili yanakutana. Ikifika nusu kilo kwenye jerikeni moja, ujue inakudanganya. Ikiwa mara hii inazidisha na mara ile inapunguza, hiyo ndiyo ya kutupa. Kosa lisilobadilika unaweza kuishi nalo.

Shangazi aliuliza kama ajiondolee kosa kila siku kabla ya kuandika. Nilimwambia asijaribu. Daktari anataka kuona kama namba inapanda, na mizani inayozidisha kilo moja leo na kilo moja kesho inaonyesha kupanda vile vile. Andika ulichokiona. Ukienda kliniki na mizani yao ikisema tofauti, mwonyeshe daktari daftari lako, alinganishe namba zako zenyewe kwa zenyewe.

Hatua ya tano: mizani inayojikumbuka

Huu ni ujanja ambao mimi mwenyewe ulinipita kwa muda mrefu. Mizani nyingi za betri hukumbuka namba ya mwisho. Ukipanda mara ya pili na uzito ukawa karibu na wa kwanza, ndani ya gramu mia mbili au tatu, hazikuonyeshi kipimo kipya; zinakurudishia kile cha zamani. Mnunuzi anapanda mara tano dukani, anaona 68.4 mara tano, anasema hii ni hodari. Si uhodari. Ni kama mwanafunzi aliyekariri jibu.

Kuikamata ni rahisi. Panda, soma. Shuka. Panda tena na pakiti ya unga ya kilo 2 mkononi, soma. Shuka. Panda peke yako. Sasa imelazimika kupima upya. Ikirudi kwenye ile namba ya kwanza kwa haki, vizuri. Ikirudi na tofauti ya gramu 400, umeijua tabia yake. Ndiyo maana hapo juu, kwenye jerikeni, usipime peke yako mara tatu mfululizo. Badilisha, mara peke yako, mara na jerikeni.

Hatua ya sita: saa na nguo

Asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai, nguo zile zile au bila nguo. Kila siku saa hiyo hiyo.

Sababu yake ni hesabu ya maji. Ukinywa lita moja, umeongezeka kilo moja hapo hapo, kabla hujaweka gilasi chini. Ukienda haja ndogo, unaacha ulichoacha. Usiku kucha umelala, jasho na pumzi vinachukua gramu mia kadhaa. Mwezi wa Ramadhani watu hunijia na vichekesho: mmoja amejipima kabla ya magharibi, akafurahi, akafuturu uji, viazi vya nazi, matobosha, sharubati, akajipima baada ya tarawehe, akalia. Amejipima mara mbili katika siku moja, na mara zote mbili mizani imesema kweli. Ulichokula nusu kilo ni nusu kilo, hakijawa mafuta bado wala hakijatoka.

Chumvi nayo. Ukila ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, leo mchana, mwili utashika maji zaidi, na kesho asubuhi namba inaweza kuwa juu bila ya wewe kunenepa. Wagonjwa wa moyo na wa figo wanalijua hili kwa uchungu. Kwa hao, kiwango cha hatari ni kile alichokuandikia daktari wako wewe, si cha shangazi yangu.

Anayetaka kupunguza mwili tu, asiangalie siku, aangalie wiki. Jumlisha namba za siku saba, gawanya kwa saba, linganisha na wiki iliyopita.

Mambo ya pembeni

Kuna mizani zenye vibati vya chuma vya kukanyagia, zinazokwambia asilimia ya mafuta mwilini. Zinapitisha umeme kidogo sana kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Maji na misuli hupitisha umeme vizuri, mafuta hayapitishi vizuri, na programu ya ndani inakisia yaliyobaki kwa urefu, umri na jinsia uliyoijaza. Ukiwa umefunga au umekunywa sana, jibu linabadilika. Mimi siyaamini sana majibu yake. Mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha mapigo ya moyo asiipande kabisa.

Mtoto mchanga unaweza kumpima kwa kumbeba na kujitoa wewe, lakini kosa la gramu 200 kwa mtu wa kilo 70 si kitu, kwa mtoto wa kilo 4 ni kubwa mno. Mpeleke kliniki, kwenye mizani ya kuning'inizwa au ya kulazwa. Kwa sanduku la safari njia hiyo inatosha. Heri ujue kilo zako ukiwa nyumbani kuliko kuzijua Manda mbele ya ndege.

Na wale vijana wa Malindi wanaokupima uzito na urefu barabarani kwa shilingi chache, sina ugomvi nao. Tazama tu mizani imewekwa juu ya nini.

Hatua ya saba: ikigoma

Ikiwaka namba hafifu, ikizima katikati ya kazi, au ikiandika "Lo", badilisha betri kwanza. Kama inatumia zile za sarafu, zikae mbali na watoto. Mtoto akiimeza inamchoma kooni ndani ya saa chache, ni ya kukimbiza hospitali. Ikiandika "Err" au "O-Ld", aidha umeipanda kabla haijawa tayari au umezidi mwisho wake, ambao kwa nyingi ni kilo 150 au 180, umeandikwa chini.

Betri mpya isiposaidia, tazama vibati vinavyoishika. Lamu hapo ndipo penye ugonjwa: hewa ya bahari na mvuke wa bafuni hufanya unga wa kijani. Usiukwaruze kwa kisu. Futa kwa kitambaa chenye spiriti au siki kidogo, sugua kwa msasa laini, kausha. Nimewahi kukuta pia sisimizi wamehamia ndani na mayai yao, na namba zinarukaruka kila wanapotembea juu ya saketi.

Ikiwa inawaka lakini inasoma pungufu kwa robo au inabadilika ukisogea pembe moja, mguu mmoja umekufa. Toa betri, fungua skrubu za chini, fuata waya tatu za kila mguu hadi kwenye saketi. Mara nyingi mmoja umekatika pale unapopita chini ya bati. Kama haukukatika, chukua mita ya kupimia umeme, weka kwenye ohm. Katika miguu ya kawaida, waya mbili za pembeni zitakupa kama ohm 2000 kati yao, na waya wa kati utakupa kama 1000 kwa kila mmoja wa pembeni. Rangi hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo amini mita. Mguu ambao namba zake hazifanani na za wenzake watatu ndio mgonjwa. Linganisha mguu na mguu, sio na maneno yangu.

Waya uliokatika unaulehemu. Mguu uliokufa unaweza kuununua mwingine wa aina ile ile, lakini hesabu kwanza; mara nyingi mizani mpya ni nafuu. Usiibane skrubu kwa nguvu, kioo hakisamehe. Kabla ya kufunga, hakikisha hakuna waya uliolala kati ya mguu na bati, maana huo nao ni mtu wa tano.

Ukishaifunga, irudishe kwenye alama zake, ikanyage iwake, ngoja 0.0, iache izime. Usiipande bado. Kajaze jerikeni.